Maswali na Majibu: Presha, Joto na Maji Wodini

Tunatakasa vifaa vya kuzalishia kwa chungu cha mvuke, geji ya presha ikifika paundi 15 kama mwongozo unavyosema. Mbona tepe ya kipimo haigeuki nyeusi vizuri? (Nesi, Ngaramtoni)

Nesi, paundi 15 ni za usawa wa bahari. Geji husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje tu, na huko mko zaidi ya mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi. Kwa hiyo mnapata mvuke wa nyuzi 119 hivi badala ya 121. Msizidharau nyuzi hizo mbili: kwa vijidudu sugu, kila nyuzi 10 zikipungua, muda wa kuviua huongezeka kama mara kumi. Pandisheni hadi paundi 17 hivi, iwapo kibao cha chungu, kinachoonyesha kikomo cha presha, kinaruhusu. Kisiporuhusu, ongezeni muda karibu mara mbili, na msiiguse vali ya usalama.

Kabla ya hayo yote, toeni hewa. Acheni mvuke utoke mfululizo ndipo mfunge. Mvuke ukigusa mkasi wa baridi hugeuka maji na kuuachia joto jingi palepale. Hewa iliyonaswa haina uwezo huo, ila geji inaihesabu. Nadhani tatizo lenu linaanzia hapo, hasa kama vifurushi vimebanana.

Mjukuu wangu ni njiti wa kilo moja na nusu. Kwa nini wamekataza kumwogesha? (Bibi, Marangu)

Shikamoo bibi. Maji yakikauka kwenye ngozi huondoka na joto. Gramu moja tu ikikauka kwa joto la mwili wa mtoto huyo, inatosha kuupoza mwili wake karibu nusu nyuzi, naye hana mafuta ya kumkinga. Akaushwe, avalishwe kofia, akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kuoga kutasubiri.

Dada yangu alivuja damu baada ya kujifungua, wakamtoa kanula (kijibomba cha kwenye mshipa) ya pinki wakaweka ya kijivu, iliyo pana zaidi. Si wangeinua dripu tu? (Kaka mtu, Moshi)

Pole kaka. Ukiinua dripu, presha huongezeka kidogo kidogo. Ukipanua njia, mambo hubadilika kabisa: Mfaransa Poiseuille alionyesha miaka ya 1840 kwamba kipenyo kikiwa mara mbili, mtiririko tulivu huwa mara 16. Wodini haifiki huko, kwa sababu mpira wa dripu nao unazuia na maji yakienda kasi hujivuruga. Hata hivyo ya kijivu hupitisha karibu mara tatu ya pinki. Walifanya sawa kabisa.

Kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa nini damu na maji ya kusafishia hupishana? (Mwanafunzi wa vifaa tiba, Arusha)

Ili tofauti ya urea (uchafu ulio kwenye damu) kati ya damu na maji ibaki kote kwenye chujio. Damu inayokaribia kutoka, iliyokwisha kupungua uchafu, hukutana na maji mapya kabisa, hivyo urea huendelea kuvuka. Zikielekea upande mmoja, pande mbili hukaribia kulingana na uhamaji hufifia. Ukikosea kuunganisha mipira, pampu itazunguka kama kawaida, lakini mgonjwa atamaliza saa zake nne na urea nyingi mwilini.