Swali la Lugha: Kuona Uzito Si Kuchukia

SWALI: Mimi ni mfasiri chipukizi, naishi Tanga. Katika barua niliyopewa kufasiri kuna sentensi hii: "I am loath to sell my father's house." Niliandika, "Nachukia kuiuza nyumba ya baba." Mhariri ameikata kwa wino mwekundu bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Mhariri kakata kwa haki, ingawa angekueleza. Umekutana na ndugu wawili wanaofanana, ukamwita huyu kwa jina la yule. "Loath" ni kivumishi, hakina e mwishoni, nacho huishia kwa th ya thelathini. "Loathe" ni kitenzi, kina e, nacho huishia kwa dh ya dhahabu. Chuki iko kwa huyo wa pili, tena chuki ya kutia kichefuchefu. Ukilitamka neno kwa sauti kabla ya kufasiri, ulimi wako wa Kiswahili utakuonya mapema. Wenye Kiingereza chao nao huyachanganya wanapoandika, kwa hiyo usijione mjinga.

Isitoshe, asili yao ni moja. Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa "loath" lilikuwa na maana ya kitu cha kuchukiza au cha uadui. Kijerumani kina ndugu yake, Leid, yaani maumivu au huzuni. Ndilo linalosikika Mjerumani anaposema "es tut mir leid" kuomba radhi. Kifaransa nacho kilichukua kutoka upande huohuo wa lugha za Kijerumani, kikapata "laid", mwenye sura mbaya. Ukali wote huo Kiingereza kilimwachia kitenzi. Kivumishi kikapoa: siku hizi hakisemi kwamba jambo linachukiza, kinasema tu kwamba moyo wa mtu haujalikubali.

Sasa, moyo usiokubali tunausemaje? Mimi ningeandika, "Naona uzito kuiuza nyumba ya baba." Hapo hakuna chuki wala ukaidi, kuna mtu na mzigo wake. "Inaniwia vigumu" si kosa, ila katika biashara ya nyumba msomaji anaweza kudhani kinachokosekana ni mnunuzi.

Jihadhari pia na "kusitasita", ambalo kamusi nyingi hukuletea haraka. Anayesitasita hajaamua, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mwandishi wa barua yako huenda ameshaamua, na bado moyo unamwuma. "Kusuasua" ndiyo usiiguse kabisa hapa. Hiyo waachie ujenzi wa barabara na timu iliyofungwa mechi tatu mfululizo.

Wengine watakuambia "loath" na "reluctant" ni mamoja. Kwa maana ya leo yanakaribiana, ila "loath" lina harufu ya maandishi na hisia nzito zaidi, na mizizi yao haihusiani. "Reluctant" limetoka Kilatini, luctari, kupigana mieleka, likatanguliwa na re- ya kurudisha nyuma. Kwa asili ni mtu anayevutwa huku akishindana na anayemvuta. John Milton, mshairi wa Uingereza, alilitumia kwa maana hiyo katika Paradise Lost, utenzi wake wa mwaka 1667, pale Shetani anapogeuzwa nyoka na kuanguka kifudifudi: anapambana, lakini wapi!

Picha hiyo ya kuvutwa ndiyo ninayoiona katika "shingo upande" yetu. Mwili unakwenda, shingo imegeukia kwingine. Lakini angalia: "shingo upande" humfaa mtu anayelitenda jambo. Alikubali shingo upande, alilipa shingo upande. Mwenye barua yako bado hajauza. Ukifika ukurasa wa mwisho ukakuta ametia saini na kukabidhi funguo, hapo ndipo uiandike.