Sahani iliyorudi jikoni

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mama yako amenitaka nimsomee tena pale unaposema mtoto ameanza kucheza. Tumefurahi mno, Alhamdulillah.

Umeuliza jambo moja. Wakwe zako wamealika ukoo mzima kula chakula cha usiku hotelini huko Dodoma, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, chakula cha kujipakulia, na kutakuwa na samaki wa pwani na saladi za kila aina. Wewe una miezi mitano na kliniki wamekuonya kuhusu vyakula vya nje. Unataka kujua kama ni salama au uombe udhuru. Mambo ya hali hiyo binti humwuliza mama yake, lakini umeniuliza mimi kwa ajili ya samaki, maana umri wangu wote wa kazi nimeumaliza kwenye barafu, nikipokea samaki wanaoshuka soko la Deep Sea hapa Tanga na kuwapanga ghalani. Basi nianze na samaki.

Samaki wa bahari kufika Dodoma si ajabu siku hizi, na safari yenyewe haimharibu. Anaharibika barafu inapokatika njiani. Jodari, nguru na kibua ukiwaacha kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kinachoitwa histamini, na hicho ukikaanga hakitoki, ukichemsha hakitoki. Mtu anakula samaki anayenukia vizuri, kakolea viungo, haupiti muda uso umemwiva, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Kisha anasema samaki hamfai. Samaki hana kosa hapo. Kosa ni la aliyefanya ubahili wa barafu, na ndiyo maana ulipokuwa mdogo ulizoea kunisikia nikifoka na madereva getini. Ukila samaki asiyetiwa pilipili na ulimi ukahisi kuchomachoma kama pilipili, mteme hapohapo, hata kama amekaa kwenye sahani ya kaure.

Papa na nduaro waache mpaka ujifungue. Samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki miaka yote wanayoishi, na zebaki hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Lakini usije ukaacha samaki wote kwa hofu hiyo. Dagaa, vibua, changu, tasi, hao kula, mtoto anawahitaji.

Nimeyasema hayo na bado naona sijakujibu, kwa sababu swali lako linakwenda mbele ya samaki. Mimi unanijua, neno langu ni lile lile: moto kwanza, sura baadaye. Mama lishe aliye chini ya mwembe, sufuria yake inatokota na anakupakulia moshi ukiwa unapanda, namwamini kuliko hoteli yenye vitambaa vyeupe ambayo chakula chake kimekaa vuguvugu tangu magharibi. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye joto la nyuzi 60 na zaidi, cha baridi kikae chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo ndipo bakteria wanapozaliana. Vile vyombo vya hotelini vyenye mshumaa chini yake, mara nyingi mshumaa umezimika na hakuna anayeangalia, watu wanaangalia mapambo.

Hapa lakini lazima nijipinge mwenyewe. Moto hautibu kila kitu, nimetoka kusema habari ya histamini sasa hivi. Na wali hivyo hivyo. Mchele una bakteria wenye mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje saa nyingi, mbegu zinachipua na kutoa sumu, na ukiupasha moto baadaye, bakteria watakufa ila sumu inabaki. Kwa hiyo pilau ya asubuhi iliyopashwa jioni inaweza kuja na moshi mzuri kabisa na bado ikakuangusha. Basi nirekebishe: moto wa kwanza, ule wa kuivisha, na usiache muda mrefu kati ya moto huo na mdomo wako. Mama yako anasema nimeirefusha methali yangu mpaka haisemeki. Sawa, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Jambo la baridi ndilo linalonitisha zaidi, na nafikiri ndilo walilokuonya kliniki. Kuna bakteria anaitwa listeria. Wengine wengi ukiwatia kwenye friji wanalala, huyu anaendelea kuzaana kwenye baridi. Yumo kwenye maziwa yasiyochemshwa na jibini laini inayotokana nayo, kwenye nyama zilizokatwa vipande na kuliwa baridi, kwenye saladi zilizoandaliwa mapema zikawekwa. Mtu mwingine akimla anaweza asijue hata kidogo. Mjamzito hushikwa na bakteria huyu kwa urahisi zaidi, na anaweza kuhisi homa ndogo tu na maumivu ya misuli kama mafua, kumbe mtoto ndiye anayeumia. Unakumbuka mwaka 2018 nilikupigia simu ukiwa chuoni Morogoro nikakukataza soseji baridi na ukaniambia Baba unaogopa kila kitu? Afrika Kusini walikuwa wamepata msiba wa listeria huyu. Tangu mwaka 2017 watu zaidi ya 1,000 waliugua, zaidi ya 200 wakafa, na sehemu kubwa ya waliougua walikuwa watoto wachanga. Machi 2018 ikatangazwa kwamba ilitoka kwenye poloni, ile soseji nene inayoliwa kwa mkate bila kupikwa. Mimi niliyekesha miaka mingi nikiamini baridi ndiyo mlinzi wa chakula, habari ile iliniuma sana. Na dawa yake ni moto tu. Nyama ile ile ukiipasha mpaka moshi upande, imekwisha habari yake.

Sasa nikuambie kwa nini naandika barua ndefu wakati ungeweza kutosheka na ndiyo au hapana.

Mama yako alipokuwa na mimba yako, tumbo limeshakuwa kubwa, tajiri wetu alitualika wafanyakazi na wake zetu hotelini kule Raskazone, msimu ulikuwa umekwenda vizuri. Jina la hoteli halina maana. Mama yako alivaa lile gauni la kijani mnalolijua kwenye picha, na mtandio mweupe. Tukaletewa kila mtu samaki wake mzima wa kupaka, tui limekauka vizuri juu, anapendeza. Mimi nakumbuka ni changu. Mama yako anabisha mpaka leo kwamba alikuwa kolekole, na kwa kuwa ndiye aliyemfunua, labda ni yeye mwenye haki. Akamfunua mgongoni kwa uma, taratibu, akafika kwenye mfupa. Pale mfupani nyama ilikuwa bado imeng'ang'ania, ina damu, na ya baridi. Akamwita mhudumu, akamwambia kwa sauti yake ile ya chini, "Kaka, samahani, mrudishe motoni, hajaiva mfupani."

Meza nzima ikanyamaza. Msimamizi wangu, aliyekuwa amekaa mkabala na sisi, akasema watu wote wasikie, "Hawa wanawake wa Pangani hawajazoea hoteli." Watu wakacheka. Zuhura, watu niliokuwa nikila nao sahani moja ghalani walicheka.

Mama yako hakuinamisha uso. Alisema, "Samaki nimezaliwa naye, bwana. Hoteli ndiyo haijamzoea samaki."

Sijapata kusikia neno lililonifurahisha kama lile, tangu siku ile hadi leo. Mhudumu alichukua sahani, akarudi nayo samaki anachemka pembeni, na mke wa dereva mmoja akamfunua wa kwake, naye akamwita mhudumu. Kesho yake nilimfuata msimamizi ofisini nikamwambia kwa adabu kwamba maneno yale hayakuwa mazuri. Akasema alikuwa anatania. Hakuwa anatania. Miaka imepita, nilishamsamehe mambo mengine makubwa kuliko hilo, hili bado linanichoma nikipita ile njia ya kwenda ufukweni.

Kwa hiyo mimi nikisoma swali lako, siulizi hoteli ya Dodoma ni safi au chafu. Nauliza: wewe, mbele ya baba mkwe wako, mama mkwe wako na mawifi, utaweza kumwita mhudumu na kumwambia rudisha? Kwa sababu nakujua. Una haya za baba yako mdogo. Kwa bibi yako Muheza ulikunywa kikombe kizima cha maziwa yaliyoharibika ili asijisikie vibaya, ukaja kutapika kwenye basi. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa peke yako tumboni mwako. Sasa hauko peke yako.

Huenda naukuza mno. Wakwe zako ni watu wema, na mkweo wa kike amezaa watoto wengi kuliko sisi, anajua mjamzito ni mtu wa namna gani. Hakuna atakayekucheka. Halafu najijibu: hata wale wa kwetu walikuwa watu wema. Ndiyo maana nasema, usingoje ufike mezani. Zungumza na mume wako mapema, yeye azungumze na mama yake, na mama yake akiwa upande wako hakuna wifi atakayefungua mdomo. Na si aibu mume wako kupiga simu hotelini kabla ya siku yenyewe akauliza chakula kinatolewa saa ngapi, ili mfike vyombo vinapofunguliwa, msije kupakua mabaki ya waliotangulia.

Ukifika, pakua kinachotoka jikoni wakati huo. Nyama ya kuchoma ivae rangi moja hadi ndani, mayai yawe magumu kiini na ute. Saladi na kachumbari nakuambia waziwazi uache, si kwa sababu ya mboga, ni kwa sababu ya maji na mikono usiyoiona. Nyanya ile ile ukijimenyea nyumbani kwa maji yaliyochemshwa haina neno. Juisi ya ukwaju ni nzuri lakini barafu yake imetokana na maji gani? Kunywa maji ya chupa uliyoifungua mwenyewe. Tunda ni chungwa au ndizi, umenye kwa mkono wako ulionawa. Maini kidogo tu, au uyaache, maana yana vitamini A nyingi kupita kiasi kwa mtoto. Maziwa, wewe ni mtoto wa Tanga, sihitaji kukufundisha kuyachemsha, wala mtindi wa maziwa mabichi usiukubali hata ukisifiwa vipi.

Mama yako ananiambia kutoka uani nikutajie na udongo. Ule wa vipande unaouzwa sokoni. Anasema alikuona ukiununua ulipokuja Idi. Unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na hata risasi, ile madini yenye sumu, ndani yake, na hamu hiyo mara nyingi ni damu imepungua, kwa hiyo waambie kliniki na umeze vile vidonge vya damu hata vikikuchafua tumbo. Nimefikisha.

Na ukila mahali, siku hiyo au hata wiki kadhaa baadaye, ukapata homa, usikae nyumbani ukidhani ni uchovu. Nenda, na uwaambie ulikula nini na lini. Hili sikuombi, nakuamuru.

Kwa upande mwingine sitaki uwe mtu wa kufunga mlango akila peke yake. Mama yako akiwa na wewe alikula urojo wa jioni pale barabara ya kumi na mbili kila alipotamani, na mimi nilikuwa nakwenda naye. Yule mama wa urojo alikuwa na sufuria yake motoni muda wote, bajia zinatoka kwenye mafuta mbele yako, bakuli anazisuuza kwa maji ya moto ya birika. Sijui chatini yake ya embe ilitengenezwa saa ngapi, na leo ningeuliza. Lakini mjamzito anayeogopa kila sahani naye anadhoofu, na mtoto anadhoofu naye, na kula na watu ni sehemu ya afya.

Kwenda au kutokwenda ni shauri lako na mume wako. Ulimi unaniwasha kusema nenda. Unaniwasha pia kusema kaa nyumbani upike. Nitanyamaza, kwa sababu nikisema utanitii, na mimi sitakuwepo pale mezani.

Jumatano mama yako anakutumia ng'onda kwa basi, amewafunga kwenye gazeti na mfuko juu. Waloweke watoke chumvi, kisha wapike mpaka waive sawasawa. Wakifika wana unyevu au harufu imebadilika, watupe na uniambie umewatupa.

Baba yako