Nimechelewa? Na maswali mengine ya wanaosoma ukubwani

Tangu nidokeze hapa kwamba baada ya kustaafu ukunga nimeanza kujifunza udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, barua hazikatiki. Wengine wanauliza mambo ya muziki, wengine wanaomba ruhusa. Ya muziki nitayajibu kwa kadiri ninavyojua. Ruhusa sina ya kumpa mtu, lakini maoni ninayo tele.

Shikamoo Bibi. Nilikuwa mfanyakazi wa reli, sasa nimestaafu, niko Tanga na nina miaka 61. Tangu ujana natamani kupiga udi. Kitinda mimba wangu ananicheka, ananiambia, "Baba, vidole vyenyewe vimeshakauka." Nimechelewa?

Marahaba, mdogo wangu. Inategemea unachotaka. Ukitaka kukaa mbele ya okestra kubwa na kupiga taksimu, yaani kupiga peke yako kwa kubuni papo hapo, ukumbi mzima ukanyamaza, gari hilo limeshaondoka, na mimi lilinipita vilevile. Ukitaka kupiga nyimbo unazozipenda, nyuzi zikiwa sawa na mapigo yakiwa mahali pake, una muda wa kutosha.

Vidole usivitie hofu. Vya kwangu vilishika mikasi na kamba za vitovu miaka yote ile, vikawa vizito kama mihogo, na bado vinasogea. Kazi kubwa iko sikioni. Udi hauna vile vyuma vinavyogawa shingo ya gitaa. Ukitua kidole pembeni kidogo tu, sauti imepotea. Na katika maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama ile iitwayo bayati, kuna sauti inayokaa katikati ya zile mbili ulizozizoea kwenye kinanda. Huipati kwa kuhesabu wala kwa kutazama video. Unaipata pale mtu anayeijua anapokaa mbele yako akakwambia, "Juu kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Mtu huyo ndiye utakayemhitaji, na hapo ndipo watu wazima wengi tunapokwama. Mwalimu wangu ni kijana wa rika la wajukuu zangu. Akifika mlangoni ananiamkia shikamoo kwa adabu zote, nami naitikia marahaba. Kahawa haijapoa, ananiambia, "Hapana Bibi, rudia." Mtu aliyezoea kuamrisha ofisini, au kuamrisha wazazi wodini kama mimi, hilo "rudia" humwingia kama mwiba. Anayelivumilia atajifunza. Asiyelivumilia atasema hana kipaji, au umri umekwenda, na watu watamwamini kwa sababu ni sababu za heshima.

Mtazame Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Alitoka Fumba akaja mjini mnamo 1911, mwanamke mzima mwenye miaka thelathini hivi, muuza vyungu, hakusoma skuli. Mjini akafundishwa kuimba na mtu wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa 1905. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, naye anaelekea miaka hamsini. Tunapomsimulia tunasifu sauti yake kana kwamba ilishuka na mvua. Nadra kumsikia mtu akitaja kwamba kuna aliyemkalisha chini akamsahihisha. Na kabla yake, historia ya taarabu inasimulia kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kwa hiyo taarabu yetu yenyewe ilianza na mtu aliyefunga safari kwenda kuwa mwanafunzi.

Basi tafuta mwalimu kwanza, udi baadaye. Tanga hakukosekani mzee wa taarabu anayependa kahawa na mazungumzo. Piga nusu saa kila siku, alasiri kabla nyumba haijajaa watu. Ukingoja Jumapili upige kutwa, vidole vitakuwa vimesahau kila kitu. Na kitinda mimba mwache acheke. Akizoea atachoka kucheka, na huenda akaomba ajaribu.

Bibi, mimi ni karani wa halmashauri Morogoro, miaka 38, mke mmoja na watoto watatu. Nimejiunga na Chuo Kikuu Huria ili nipate shahada nipandishwe cheo. Mke wangu amenuna, anasema nimeoa vitabu. Nifanyeje aelewe?

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba mlikaa mkazungumza kabla hujalipa ada. Sikupaona.

Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha 1994, kwa ajili ya watu kama wewe ambao hawawezi kuacha kazi wakaenda kukaa bweni. Uzuri wake ni kwamba unajipangia muda. Ubaya wake ni huohuo. Huo muda unaoupanga hautoki ofisini kwa mkurugenzi, unatoka nyumbani. Kila saa uliyokaa na kitabu kuna mtu aliyeogesha watoto, akaangalia madaftari yao, akamnyamazisha mdogo ili baba asome. Mtu huyo hakuulizwa. Amenuna, na mimi ningenuna.

Mimi nilirudi kusoma ukunga nikiwa na watoto wawili wadogo. Marehemu mume wangu alikubali kupika siku za masomo. Bahati mbaya chakula alichokijua ni muhogo wa nazi peke yake, kwa hiyo tulikula muhogo wa nazi mpaka mwanangu wa kwanza akawa anauliza kama wali umepigwa marufuku. Lakini zilikuwa siku maalumu, zilijulikana, na zisizo zangu nilikuwa nyumbani kweli. Nawe fanya hivyo. Chagua jioni zako, mwambie ni zipi, na zilizobaki funga kitabu na simu. Unayesoma nusunusu mbele ya televisheni huku mke anakusemesha, hujasoma na hujazungumza naye.

Kisha mwoneshe hesabu. Mshahara wa sasa huu, wa cheo kile huo, tofauti hii, ada hii, miaka hii. Hapo nina neno la kukuomba kabla hujaendelea: nenda kwa afisa utumishi ukaombe kusoma muundo wa utumishi wa kada yako, uone ni shahada gani inayotambuliwa kwa cheo unachokitaka. Nimewajua watumishi waliosoma miaka mingi fani nzuri kabisa, wakapeleka cheti, wakaambiwa hiyo haimo. Ukikuta yako haimo na bado unataka kuisoma kwa kuipenda, ni sawa, lakini mwambie mkeo ukweli huo, usimuuzie cheo ambacho hakipo.

Jambo la mwisho nalisema kwa upole: umeshamuuliza yeye angependa kusoma nini?

Habari Bibi, niko Likoni, Mombasa. Mwanangu wa kidato cha tatu anapiga kinanda kwenye maharusi na sasa ataka kuwacha shule. Nimvunjie hicho kinanda?

Usivunje mali ya mtu, mwanangu. Isitoshe atanunua kingine.

Wazee wetu wa dansi wengi walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Muhidin Maalim Gurumo, mmoja wa waimbaji wake, aliimba zaidi ya miaka hamsini mpaka alipostaafu 2013. Siku hizi mashirika ya kumwajiri mwanao kwa mtindo ule ni ya kutafuta kwa tochi. Atakuwa mhasibu wake mwenyewe, wakili wake mwenyewe na dereva wake mwenyewe. Muulize kama anaweza kusoma mkataba wa kurasa nne na kujua ni kipengele kipi kinachomnyang'anya haki ya wimbo wake. Muulize nani anamfundisha, na kama anasoma nota au anafuata tu. Akibabaika, mwambie hiyo ndiyo kazi ya mwaka mmoja na ushei uliobaki wa shule. Maharusi yako wikiendi. Shule iko Jumatatu hadi Ijumaa. Havigongani.

Assalaam alaykum Bibi. Nafanya kazi Muscat. Mama yangu yuko Pemba, ana miaka hamsini na kitu, hajui kusoma wala kuandika na anaona haya kusema. Nataka nimfundishe kwa simu kila usiku. Nianze na nini?

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nia yako imenigusa, kwa hiyo usinielewe vibaya nikikwambia usimfundishe wewe. Kusahihishwa na mtoto wa mwenzio ni masomo. Kusahihishwa na mtoto wako mwenyewe, tena kwa simu, tena usiku mtu amechoka, ni ugomvi. Nimesema hapo juu kwamba mwalimu wangu ni kijana. Mwanangu mwenyewe anapiga gitaa na siku moja alijitolea kunifundisha. Hatukufika Isha.

Nimefanya kazi na wanawake wengi wa hali ya mama yako. Utamwona ameishika kadi ya kliniki juu chini, anaitazama kwa makini sana, kwa sababu wenzake kwenye benchi wanatazama zao. Siku moja mzazi aliniomba nimwoneshe jina la mwanawe limeandikwa wapi. Nikamwonesha. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akauliza hii inaitwaje, kisha ya pili, mpaka mwisho wa jina. Kila kliniki alikuja akaanza na jina lile kabla hata mtoto hajapimwa uzito, na kabla chanjo hazijakwisha alikuwa anasoma majina ya watoto wa jirani zake.

Basi mama yako naye aanze na anachokitaka yeye. Pengine ni majina ya wajukuu. Pengine ni ujumbe wa pesa unazomtumia, ili asilazimike kumpa simu kijana wa dukani amsomee salio lake mbele za watu. Kimani Maruge, yule mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alikuwa na haja yake waziwazi: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, asisomewe. Alivaa kaptula na soksi ndefu za shule akakaa na watoto. Mama yako halazimiki kufika huko. Amuulize sheha kama kuna darasa la kisomo cha watu wazima jirani, na aende na rafiki. Bara, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wazee walimiminika kwenye madarasa chini ya miembe, na moja ya sababu ni kwamba kila mtu alikwenda. Haya huuma ukiwa peke yako.

Wewe kazi yako ni kulipa nauli yake, kununua miwani kama anaihitaji (wengi hudhani hawana akili kumbe hawaoni), na kila wiki kumtumia ujumbe mfupi wa maandishi. Sentensi moja. Usimpigie kumuuliza kama ameusoma. Subiri ajibu.

Bibi, unaukubali ule msemo kwamba elimu haina mwisho? Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam.

Nausikia zaidi kwenye mahafali, na wanaousema aghalabu hawajafungua kitabu tangu mahafali yao. Mimi mtu akiniambia anaendelea kujifunza, namuuliza mwaka huu ni nani aliyemwambia "umekosea". Jina tu linanitosha.

Bibi, napanga chumba kimoja Ilala, najifunza udi, majirani wanalalamika. Na tatizo la pili: nyuzi zinalegea kila siku. Nimeuziwa kibovu?

Huenda ni kizima. Udi wa kawaida una nyuzi kumi na moja, jozi tano na ule mnene mmoja wa besi, na vigingi vyote ni mti ndani ya mti. Joto na unyevu wa pwani hutanua mti, feni huukausha, vigingi vinateleza. Vitoe kimoja kimoja, visugue na chaki ya ubaoni, virudishe huku unavisukuma ndani kidogo unapokaza. Vikiendelea kuteleza, ndipo umpelekee fundi.

Kwa majirani, kunja kitambaa laini ukichomeke chini ya nyuzi karibu na zinapofungwa. Sauti inakuwa ndogo, lakini vidole vinapata mazoezi yake. Baada ya saa tatu usiku usipige kabisa, hata na kitambaa. Mchana usiuache udi juani wala ndani ya gari, maana ule mgongo ni vipande vyembamba vilivyounganishwa kwa gundi, na gundi ikipata moto huachia. Ukisafiri nao kwenye boti, legeza nyuzi kidogo na ukae nao ndani, usiupeleke juu kwenye upepo wa chumvi. Nyuzi nyembamba ndizo zinazokatika kwanza, kwa hiyo ukinunua seti, omba na jozi moja ya ziada.