Umeuziwa mazabodi mbovu? Ugomvi utaanzia kwenye pini za soketi

Ukirudisha mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, dukani, jambo la kwanza atakalofanya muuzaji ni kuwasha tochi ya simu na kuchungulia soketi, yaani pale inapokaa prosesa, ubongo wa kompyuta. Hatafuti kilichoharibika. Anatafuta sababu ya kukukatalia.

Kwenye mazabodi za Intel za kompyuta za mezani, pini ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa. Soketi ya LGA1151 ina pini 1151, ndiyo maana ya hiyo namba. Ikipinda moja tu, kompyuta inaweza kugoma kuwaka, au ikawaka lakini isione RAM (vile vijiti vya kumbukumbu) ya upande mmoja. Na pini iliyopinda haina shahidi: duka litasema umeipinda wewe, wewe utasema umeikuta hivyo.

Mimi nina steshenari Moshi. Masika umeme ulikatika na kurudi kwa fujo, kompyuta ya kuprintia ikafa, fundi akaniambia mazabodi imekwenda. Nikaipata Arusha mjini, iliyotumika, kwa bei ya kueleweka. Kabla sijalipa niliomba kile kifuniko cha plastiki cha soketi kitolewe, nikapiga picha palepale kauntani, mkono wa kijana wa duka ukiwa umeishika bodi. Alicheka kidogo. Moshi fundi akaifunga: feni inazunguka, kioo cheusi.

Niliporudi nayo, kijana yuleyule akamulika. "Dada, hii pini mmeipinda wenyewe huko Moshi." Nikafungua picha, nikaikuza kwa vidole viwili hadi kwenye kona aliyokuwa anaionyesha. Pini ileile, imelalia upande uleule, na vidole vyake vinaonekana pembeni. Hakujibu. Alimpelekea bosi simu yangu, na kuanzia hapo tukaongea lugha nyingine.

Kwa hiyo picha ya soketi ipigwe kabla ya hela kutoka. Piga na stika ya namba ya siriali, maana kuna maduka yatakwambia bodi uliyorudisha siyo waliyokuuzia.

Ila kabla ya kupanda Coaster, hakikisha kweli ni mbovu. Mwambie fundi aitoe kwenye kasha la kompyuta aiweke juu ya boksi la karatasi, kwa sababu skrubu iliyokaa vibaya nyuma ya bodi inaweza kupiga shoti na kukudanganya. Abakize RAM moja. Aangalie kama waya wa pili wa umeme, ule wa pini 4 au 8 karibu na prosesa, umechomekwa. Ukisahauliwa feni huzunguka vizuri tu na picha haiji. Achomoe umeme, atoe betri ya CR2032 kwa dakika chache, airudishe, ajaribu tena. Pawa saplai nyingine ikipatikana, aijaribu nayo. Kisha muombe aandike kwa mkono alichokiona, na tarehe. Fundi wengi hawapendi kuandika. Bembeleza.

Kuna mtego mwingine unaofanana kabisa na ubovu. Bodi ambazo jina la modeli lina H110 au B250 zinapokea prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7. H310 na B360 ni za kizazi cha 8 na cha 9. Zote soketi inaitwa LGA1151 na prosesa inakaa bila shida, lakini ukichanganya haiwaki. Hapo bodi ni nzima; tatizo ni nani alisema zinaendana. Kama ni muuzaji, na alikuandikia hivyo WhatsApp, usifute huo ujumbe.

Bosi wa lile duka hakutaka kutoa hela. Alitoa bodi nyingine, na ilikuwa H310, wakati prosesa yangu ni ya kizazi cha 6. Watu wengi hukubali hapo kwa sababu wamechoka na safari. Mimi nilimwambia aifunge na prosesa yangu palepale, ikiwaka naondoka nayo. Haikuwaka, ila hapo angalau hakuna wa kusingiziwa pini. Akanirudishia hela kwa simu, akakata ya kutolea. Nilimwachia hiyo.

Kuhusu risiti: dai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na uombe jina la modeli liandikwe. "Vifaa vya kompyuta" peke yake haikusaidii, inaweza kuwa mausi. Ujumbe wa malipo ya simu unathibitisha ulilipa, hauthibitishi ulilipia nini. Na yale maneno ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yasikutishe. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Ukimtajia muuzaji FCC, ukiwa na risiti na picha mkononi, na sauti yako ikiwa ya chini, mara nyingi malalamiko hayafiki huko. Ukipiga kelele mbele ya wateja wake, atakaza kwa ajili ya heshima tu.

Bodi iliyouawa na umeme nyumbani kwako usiipeleke dukani kama imekuja mbovu. Kapasita (vile vikopo vidogo kwenye bodi) iliyovimba na alama ya kuungua zinajisema zenyewe, na safari ijayo utahitaji huyohuyo akusikilize.

Wakati unasubiri, mafaili yako huenda yako salama. Toa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikikudai namba ndefu ya BitLocker, kufuli la diski la Windows, itafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Na Windows ikikwambia haijasajiliwa baada ya kufunga bodi mpya, usiende kumlaumu muuzaji: leseni yake mara nyingi hufungamana na mazabodi ya zamani.