Bruce Lee wa kibandani alikuwa nani?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimekulia kwenye vibanda vya video hapa Tanga, na mpaka leo nimetunza mikanda 14 ya Bruce Lee. Juzi mpwa wangu kaniambia jamaa alimaliza picha nne tu za ngumi. Hao wengine ni kina nani? Tulitapeliwa miaka yote ile? Niitupe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mpwa wako kasema kweli. Ukiacha picha alizocheza utotoni na kazi zake za mwanzo za Marekani, Bruce Lee alikamilisha The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon za 1972, na Enter the Dragon ya 1973. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, hiyo ya mwisho haijaanza hata kuonyeshwa. Watu bado wanamtaka, mwenyewe hayupo. Basi watengenezaji wa Hong Kong, Taiwan na Korea wakasaka vijana wa kufanana naye, wakawapa majina: Bruce Li, Bruce Le, Dragon Lee. Kwenye jalada lililofifia, nani angeona herufi moja iliyopungua?

Mimi nilishika deki kwenye kibanda kimoja Morogoro miaka ya tisini. Bosi akileta mkanda, naandika ubaoni kwa chaki: BRUCE LEE, MPYA. Mtu kafa miaka ishirini! Kilichonishtua ni miwani. Stelingi anapigana ndani ya nyumba, usiku, na miwani myeusi mikubwa haimtoki. Wanaficha uso.

Hata Game of Death ya 1978 ina mchezo huo. Bruce Lee alipiga sehemu za mapigano mwaka 1972, akaziacha ili afanye Enter the Dragon. Baada ya kifo chake picha ikamaliziwa na watu wa kumuigiza: Mkorea Kim Tai-chung, na Yuen Biao kwa sarakasi. Kuna mahali amekaa mbele ya kioo. Simamisha hapo utazame: uso ule ni picha yake iliyobandikwa, hautikisiki, mabega ya mtu mwingine yanasogea chini yake. Na mazishi yanayoonyeshwa humo ni mazishi yake ya kweli. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Lakini usitupe kitu. Jalada ndilo lililotudanganya. Mateke yalikuwa ya kweli. Bruce Li jina lake ni Ho Chung-tao, Mtaiwani, mtu wa mazoezi ya viungo. Jina lile alibandikwa. Angalia anavyopigana. Kamera imekaa mbali, unawaona wote wawili toka utosini hadi unyayoni, hakuna kompyuta ya kumsaidia yeyote. Hesabu mapigo kabla picha haijakatwa: nne, saba, wakati mwingine zaidi ya kumi, na kila moja limekaririwa mpaka mwili ukalijua. Ule mlio wa ngumi usikuudhi. Sauti karibu zote ziliingizwa studio baadaye. Mtu wa hivyo alistahili kushangiliwa kwa jina lake, nasi tulimshangilia kwa jina la marehemu.

Kwa hiyo fanya hivi. Isimamishe mikanda wima, mbali na ukuta wenye unyevu, maana hewa ya bahari huko kwenu huleta ukungu. Kaa na mpwa wako, fungueni mmoja mmoja, msome majina yanapopita, na kila mmoja muuandikie lebo mpya yenye jina la aliyecheza kweli. Mkikuta Game of Death, usogezeni mbele hadi mwishoni, pale mwenye vazi la njano la mistari myeusi anapopigana na Kareem Abdul-Jabbar, mcheza kikapu wa Marekani anayemzidi urefu kiasi cha kumfunika. Huyo wa vazi la njano ndiye Bruce Lee mwenyewe. Ni dakika chache tu.