Viinitete vinne vilivyogandishwa: kipi kitangulie?

SWALI: Daktari, mimi na mume wangu tuna viinitete vinne vilivyogandishwa, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara na kuanza kukua. Viwili ni vya nilipokuwa na umri wa miaka 34: kimoja kimeandikwa 4BB, siku ya tano tangu kurutubishwa, na kingine 3BC, siku ya sita. Viwili vingine ni vya nilipofika miaka 39, na vyote vimeandikwa 5AA. Kliniki imetuachia tuchague. Je, tuanze na vyenye AA? Na tukipandikiza viwili kwa pamoja, si tutaongeza uwezekano wa kupata mtoto?

JIBU: Tuanze na maana ya alama zenyewe. Tarakimu, ambayo huanzia 1 hadi 6, inaeleza kiinitete kilikuwa kimetanuka kiasi gani kilipogandishwa. 4 ni kilichokwisha kutanuka na ganda lake kuwa jembamba, na 5 ni kilichoanza kuchomoza nje ya ganda hilo. Herufi ya kwanza inahusu kitita cha seli za ndani ambazo ndizo zitakazokuwa mtoto, na ya pili inahusu seli za nje zitakazojenga kondo la nyuma; A ndiyo bora zaidi, kisha B, kisha C. Anayetoa alama hizo ni mtaalamu anayetazama kwa darubini, na si ajabu wataalamu wawili wakatofautiana kati ya A na B kwa kiinitete kilekile.

Darubini huonyesha umbo, lakini haionyeshi idadi ya kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli), na kasoro za kromosomu ndizo chanzo kikubwa cha viinitete kutojishika kwenye mji wa mimba na cha mimba kuharibika mapema. Kasoro hizo huongezeka kadiri umri wa mwanamke unavyosogea kuelekea miaka 40 na kuendelea. Kwa kuwa kiinitete kilichohifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hakizeeki, viwili vyenu vya kwanza bado vina umri wa mayai ya miaka 34. Kwa sababu hiyo mimi ningetanguliza 4BB, ingawa mtaalamu wa maabara yenu, aliyeviona kwa macho yake, anaweza kuwa na sababu ya kuanza na 5AA, na hoja yake isikilizwe. Hicho cha 3BC msikidharau. Uwezekano wake ni mdogo zaidi, lakini watoto wenye afya wamezaliwa kutokana na viinitete vya daraja hilo.

Kuhusu kupandikiza viwili, nawashauri msifanye hivyo. Uwezekano wa kushika mimba katika mzunguko huo mmoja utaongezeka, ni kweli, ila mtakuwa mmetumia viinitete viwili, na mkifanikiwa mnaweza kupata mapacha, mimba ambayo mara nyingi huishia kwa watoto njiti na humweka mama katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu. (Hata kiinitete kimoja huweza kugawanyika kikazaa pacha, kwa hiyo msidhani kimoja ni dhamana kamili.) Kupandikiza kimoja baada ya kingine hakupunguzi jumla ya nafasi mliyo nayo, bali kunaisambaza tu.

Mkishauriwa kupima kromosomu, fahamuni kwamba itabidi viinitete viyeyushwe, vichukuliwe seli chache za nje, kisha vigandishwe tena. Kipimo hicho husaidia kupanga foleni, lakini hakikirekebishi kiinitete chochote, na kwa viinitete vinne tu mimi sioni faida inayostahili usumbufu huo.

Jambo moja mlipatanie mapema. Kiinitete kikitoka kwenye baridi huonekana kimesinyaa, na mtaalamu hukingoja kwa muda, mara nyingine saa chache, aone kama kinatanuka tena. Vingi hutanuka, ila vichache haviponi. Asubuhi hiyo ya kupandikiza utakuwa umekwisha kutumia projesteroni, homoni inayoandaa mji wa mimba, kwa takribani siku tano na mji wa mimba uko tayari, hivyo amueni kabla ya kusaini fomu ya ridhaa: kikishindwa cha kwanza, je, maabara ina ruhusa yenu ya kuyeyusha kinachofuata, na ni kipi?