Jibu: Mama hapati usingizi tangu aone ushuhuda wa kuzimu kwenye TV

Habari ndugu. Umesema mama yako hapati usingizi tangu aone kwenye runinga ya dini mtu "aliyekufa akaona kuzimu", unauliza umsaidieje. Mama yangu mdogo alikuwa hivyo hivyo, hata taa ya chumbani haizimwi. Tulirudia kipindi sauti tukiwa tumeizima. Bila ule muziki, akaona mwenyewe kwamba moto na wodi ni vya kuigiza, na daktari haonekani popote. Anzia hapo. Kisha msimulie utafiti wa Uholanzi wa 2001: kati ya wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama, ni 62 tu waliokumbuka chochote cha wakati huo. Runinga haiwaiti wale 282. Na usimcheke. Mimi nilicheka siku ya kwanza, akaacha kunisimulia.